Chasisi ya kurekebisha kwa gari la rimoti: uzoefu wangu kati ya udongo wa Mbeya na mawe ya Iringa

Kama una bodi moja (ganda la juu la gari), unaendesha kilima kilekile kila wikiendi na gari lako linapanda bila shida, hela ya chasisi hii nunulia matairi laini. Lakini sisi wengine wa Nyanda za Juu Kusini bodi tunazipata kwa kubahatisha, na leo tuko kwenye udongo wa Mbeya, mwezi ujao kwenye mawe ya Iringa. Kwa mtu wa namna hiyo nasema inunue. Ubishi wa kundi letu la magari ya rimoti, kama chasisi hii inafaa kununuliwa au la, umekuwa mrefu, na naona wengi wanabishania milimita kati ya ekseli na ekseli wakati faida kubwa iko kwingine.

Ninayoizungumzia ni chasisi ya alumini ya gari la kupanda mawe, ukubwa wa 1 kwa 10, ya kufungia vifaa vya mtindo wa SCX10, gari la rimoti la kampuni ya Axial. Imetoka China, jina kubwa haina. Ina mabamba mawili marefu, kushoto na kulia, yaliyojaa matundu, na bamba la tumboni linalobeba giaboksi. Ekseli ya nyuma unaiweka umbali wa milimita 300, 313 au 324 kutoka ya mbele. Shokapu unaweza kuzisimamisha au kuzilaza. Fimbo za juu zinazoshika ekseli zina matundu matatu upande wa chasisi. Trei ya betri inahamia mbele na inakaa chini, katikati ya mabamba.

Hizo 313 na 324 zina sababu. SCX10 II ina karibu milimita 313 kati ya ekseli na ekseli, na TRX-4, gari la rimoti la kampuni ya Traxxas, yenye bodi ya Land Rover Defender ina 324. Watengeneza bodi wengi wanafuata mojawapo ya vipimo hivyo. Bodi ya Land Cruiser 70 ya watengeneza bodi Killerbody, ambayo wengi wetu tunaitamani kwa sababu mkonga, yaani hiyo Land Cruiser, ndilo gari tunalolijua hapa kwetu, imetengenezwa kwa 324. Land Cruiser 79 halisi, ile pikapu, ina milimita 3,180, kwa hiyo ukiigawa kwa kumi unapata 318. Wanaosema "tukiweka 324 tunaharibu uhalisia" waangalie pia Defender 110: ya kweli ina milimita 2,794, kwa hiyo ya 1 kwa 10 ingetakiwa kuwa na 279 tu, na ile ya TRX-4 imerefushwa zaidi ya sentimita nne bila mtu kulalamika. Uhalisia wa aina hiyo tulishauacha zamani.

Mimi nilikuwa na bodi ya mkonga na fremu ya 313. Tairi la nyuma lilikaa mbele kidogo ndani ya upinde wake, na kila shokapu ikibonyea linakwangua plastiki. Milimita 11 ukizisoma kwenye karatasi hazina uzito, lakini kwenye gari zinaonekana toka mbali, gari linaonekana limekunja miguu. Kukata bodi nilikataa. Bodi nzima kama ile ukiipata huku unaitunza.

Mzigo niliuagiza kupitia watu wa kago wa Kariakoo, kisha ukapanda basi mpaka Mbeya. Ulifika mzima. Matundu mawili ya upande wa kulia yalikuwa hayaonani vizuri na ya kushoto, ikabidi niyapitishie tupa ya duara. Skrubu zilizokuja nazo ni laini mno. Kichwa cha ya kwanza kililika nilipoikaza tu, alenki ya milimita 2.5 ikawa inazunguka bure. Nilizitoa zote nikaweka skrubu ngumu za M3 na nati zenye nailoni, na pale skrubu inapoingia moja kwa moja kwenye alumini nikapaka gundi ya bluu ya nati. Hilo fanyeni mapema, kabla ya kuendesha hata mita moja. Chuma kikilegea ndani ya alumini hakichelewi kula uzi wa tundu.

Kazi yenyewe ya kuhamisha ekseli ya nyuma kutoka 313 kwenda 324 ni nyepesi: unafungua vishikio vya fimbo kila upande, unasogeza, unakaza. Pa kuwa makini ni propela, ile shafti inayopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi ekseli. Propela ya magari haya ni vipande viwili, kimoja kinateleza ndani ya kingine. Ukirefusha gari, vinaachiana. Kwa hiyo nilinyanyua gari juu, ekseli ya nyuma ikaning'inia mpaka mwisho wa shokapu, nikavuta tairi moja chini kwa kidole na jingine nikalisukuma juu, nikaangalia kipande cha ndani kimebaki kiasi gani. Kilibaki kidogo mno, ncha tu. Hapo ukivuta kifyatuo cha rimoti kutia moto kwenye jiwe, propela inachomoka au meno yake yanalika. Nikaweka propela ndefu zaidi. Na ukifupisha mpaka 300 geuza hesabu: vipande vinagusana mwisho kabla shokapu haijaisha, na kila kishindo kinaingia kwenye beringi za giaboksi.

Sasa matokeo. Kwenye miteremko ya chini ya mlima Loleza hapa Mbeya, ambako mvua ikikatika udongo unabaki na vijiwe vinavyoteleza, gari langu la zamani lilikuwa linainua pua na kupinduka kinyumenyume. Pembe ambayo gari linapinduka niliipima nyumbani kwa ubao: gari juu, mtu mmoja ananyanyua ncha taratibu, simu imelala kwenye ubao inasoma pembe. Nilijaribu kwanza kurefusha tu, betri ikabaki juu nyuma kama zamani. Pembe iliongezeka, lakini kidogo. Halafu nikarudisha 313 na kuhamisha betri peke yake, mbele na chini. Tofauti ilikuwa kubwa wazi, kila aliyekuwepo aliiona. Mizani ya jikoni ilisema vivyo hivyo: mbele palikuwa na chini ya nusu ya uzito, sasa panakaribia asilimia 60, na hicho ndicho kiwango ambacho waendeshaji wengi wa magari ya kupanda mawe wanakitafuta. Kwa hiyo ukiniuliza nini kimelipia chasisi hii, jibu langu ni trei ya betri. Urefu umelipia muonekano wa bodi.

Matundu ya fimbo za juu ni jambo la pili, na kwa bahati mbaya ndilo watu hawaligusi kabisa. Ukivuta rimoti, nguvu ya ekseli inataka kuinua au kulaza nyuma ya gari, kutegemea fimbo zimeinama vipi. Kwenye tundu moja gari langu lilisimama kwa miguu ya nyuma na kuruka-ruka kila likianza kupanda, tairi linashika, linaachia, linashika. Nilipohamia tundu la pili likatulia, likawa linatambaa. Hakuna kilichonunuliwa hapo, ni skrubu mbili tu.

Iringa ndiko ubishi ulipokolea. Wenzetu wa huko wana granaiti. Ukiona mawe ya upande wa Gangilonga utaelewa: makubwa, makavu, yanashika tairi kama msasa, na kati ya jiwe na jiwe kuna pengo. Hapo gari la 324 linakaa tumbo. Tairi za mbele zimeshapita, za nyuma hazijafika, bamba la katikati limelala juu ya jiwe na tairi zote nne zinazunguka hewani. Rafiki yangu wa Iringa, fundi wa magari makubwa, akaniambia, "Kaka, wewe umenunua matundu. Mimi gari langu lina urefu mmoja, nimelizoea, najua linapita wapi." Hoja yake naiheshimu. Gari ulilolizoea linaendeshwa vizuri kuliko gari unalolibadilisha kila wiki, na fremu yake haina viungio vya kulegea. Lakini palepale nilikaa kwenye kivuli, nikashusha bodi, nikarudisha 313 na propela fupi, na njia ileile iliyonikamata nikaipita. Kuzunguka pia kulibadilika, kona moja nyembamba kati ya mawe mawili nilikuwa naikata kwa kurudi nyuma, sasa naikata moja kwa moja. Yeye angefanya nini akihamia kwenye udongo wetu? Aliniambia angenunua gari la pili. Sawa, mwenye uwezo huo afanye hivyo.

Mwingine wa kundi anasema alumini yenye matundu mengi inajikunja. Yangu imeshaanguka kutoka kwenye jiwe la kimo cha kiuno, ikaangukia paa. Nililaza mabamba kwenye kioo cha meza na yamenyooka. Kilichopinda ni kishikio kimoja cha shokapu, nikakinyoosha kwa koleo. Ninachokiogopa zaidi ni vumbi. Kiangazi, barabara ya kuelekea Uyole na kule Mporoto udongo wa volkano ni laini kama unga, unaingia kwenye propela na kwenye vichwa vya fimbo. Brashi kavu kila ukitoka, na usipake grisi kwenye sehemu ya kuteleza ya propela, inageuka tope la kusaga.

Kwa sasa gari langu nimeliacha 324 kwa Mbeya, betri mbele, fimbo za juu tundu la katikati, shokapu zimelazwa tundu moja ili gari liwe laini. Nikienda Iringa nabeba propela fupi, alenki na vishikio kwenye kopo.

Ukiagiza, agiza kwa pamoja: chasisi, propela mbili za nyuma za urefu tofauti, skrubu za chuma kigumu na nati za nailoni. Pima kwanza propela yako ikiwa imebonyea kabisa na ikiwa imevutwa kabisa, umwandikie muuzaji vipimo vyote viwili. Wengi wanaandika kimoja tu kwenye tangazo, na kurudisha mzigo China kutokea Mbeya hakuna anayekulipia.