Mkeka wa yoga wa juti: mzuri, ila geuza uone chini kuna nini

Nafundisha yoga kina mama wa mtaani kwetu Shanty Town, Moshi, kwenye ukumbi wenye sakafu ya sementi inayong'aa. Joto la Januari na Februari likishika, mikeka ya plastiki inakuwa hatari: jasho likidondoka tu, viganja vinakimbia. Ndiyo maana nilinunua huu wa juti, Sh 95,000, kwenye duka la vifaa vya mazoezi Arusha.

Juti ni nyuzi zilezile za magunia ya kahawa, sisi wa Kilimanjaro hatuhitaji kuelezwa. Mmea wake ni jamii ya mlenda. Kuna aina ambayo majani yake huliwa kama mlenda. Kule Bangladesh na India mashina hulowekwa majini mpaka yalainike, ndipo nyuzi zichunwe. Uzi huo hunywa maji, na hapo ndipo mkeka huu unapoupita ule wa plastiki: jasho linazama badala ya kutanda juu. Unainua kiuno, viganja na nyayo chini, na hakuna kinachosogea. Nimeupenda sana.

Kwenye magoti unaparuza. Mama mmoja darasani hutandika kanga iliyokunjwa, basi.

Sasa sikilizeni jambo la pesa. Dukani kulikuwa na mikeka miwili, juu inafanana kabisa. Mmoja chini ni mpira wa utomvu wa mti, mzito, una harufu. Wa pili chini ni plastiki tupu, na bado unaitwa wa asili! Ugeuze kabla ya kulipa. Mwenye mzio wa utomvu wa mpira auache huo wa kwanza.

Usiuloweke kwenye beseni. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, anika kivulini, maana jua kali hukausha mpira ukapasuka. Masika usiukunje ukiwa mbichi, utaota ukungu.

Wengi huniuliza, mbona si katani yetu ya Tanga? Uzi wa mkonge ni mgumu, unafaa kamba na mazulia, si kulalia tumbo. Pamba ya Shinyanga ndiyo ingefaa, ikifumwa nene. Mwenye kumjua fundi wa kufuma mkeka wa pamba, sentimita 180 kwa 60, aniambie hapa. Nitaagiza ya darasa zima.