Fundi saa wa Makoroboi: mikono anayo, subira uje nayo wewe

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayoniuliza. Kusafisha mashine nzima na kuitia mafuta 45,000, kioo kipya 12,000. Muda aliniahidi wiki mbili, zikawa sita. Simu hapokei. Kama hapo umeshachoka, basi. Mimi nimerudi kwake mara tatu.

Yuko Makoroboi, hapa Mwanza, kwenye baraza la duka la vitenge, na meza moja na kabati dogo la kioo. Kabati limejaa saa za betri na mikanda, kwa hiyo ni rahisi kumpita ukidhani kazi yake ni kubadilisha betri. Anabadilisha, ndiyo ugali wake huo. Ila ukimtolea saa ya mfukoni anazima redio.

Saa yangu ya kwanza ni ya babu mzaa mama. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naikaza kila asubuhi kabla hajanywa chai, ndiyo maana akaniachia mimi, wajomba wakanuna. Ni Waltham, mashine ya Marekani, vito 15 (vijiwe vigumu vya kupunguza msuguano ndani ya mashine), uso mweupe wa enameli wenye ufa mwembamba kuanzia namba mbili, na mshale wa sekunde una kisahani chake chini. Iliposimama niliipeleka kwanza kwenye duka moja mjini ambalo silitaji. Wakapuliza ndani ile dawa ya kulegeza nati zenye kutu, wakanirudishia inatembea. Na kutembea ilitembea! Niliiweka sawa na redio saa moja asubuhi, kufika saa mbili niko Mwaloni nafungua stoo yangu ya dagaa, imeshatangulia robo saa.

Ndipo nikaipeleka kwa Mzee wa Makoroboi. Aliifungua mbele yangu, akaguna, akanipa ile lenzi ya kubana jichoni. "Tazama mwenyewe, mama." Ile kamani nyembamba kama unywele inayokaa juu ya balansi, lile gurudumu linaloyumba huku na huku, na ambayo kila duara lake linatakiwa lipumue peke yake, ilikuwa imelowa, na maduara matatu ya nje yamegandana kama tambi zilizopoa. Yakigandana hivyo, kamani inakuwa kama imekatwa fupi, na kamani fupi hupiga haraka. Mashine kama hii hupiga mara 18,000 kwa saa moja, tena kwa utulivu. Yangu ilikuwa inahema kama mtu aliyepanda kilima cha Bugando kwa mguu. Wale wa dukani walipoona inakimbia walivuta kale kamshale ka kupunguza mwendo mpaka mwisho wa alama. Haikusaidia kitu.

Siku ya kuiunga tena niliomba nikae nione. Sikujutia, ingawa stoo niliifungua saa sita. Kila kipande kilishaoga kwenye bakuli la petroli ya laita. Akachonga kijiti cha mwanzi, akakizungusha ndani ya tundu la kito, kikatoka cheusi. Akachonga tena, akazungusha tena, mpaka kikatoka cheupe, ndipo akahamia tundu linalofuata. Mafuta aliyachukua kwa ncha ya sindano, tone ambalo bila lenzi hulioni. Nikamwambia Mzee, si nimelipa, ongeza kidogo. Akacheka. "Yakizidi yanatoroka. Yanafuata chuma, kito kinabaki kikavu."

Nilitaka pia aing'arishe kava, iwake. Alikataa katakata. Akafungua kifuniko cha nyuma akanionyesha mihuri midogo: nanga, simba anayetembea na herufi A.L.D. Nanga ni alama ya Birmingham, Uingereza, na simba ni fedha halisi. A.L.D. ni Aaron Lufkin Dennison, ambaye mwaka 1850 alishiriki kuanzisha biashara iliyokuja kuwa Waltham kule Massachusetts, kisha akahamia Birmingham akafungua kiwanda cha makava. Kwa hiyo saa ya babu, tumbo ni la Marekani na koti la Uingereza, na kote kuna mkono wa mtu mmoja. "Ukiisugua unafuta kitambulisho," akasema. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea "saa ya Mjerumani" kwa laki tatu, eti ilibaki Mwanza Waingereza walipoingia 1916, namwomba anifungulie nyuma kwanza. Wiki iliyopita Mjerumani mmoja alikuwa na nanga.

Sasa malalamiko. Risiti hatoi, anaandika kwenye daftari lake na wewe unaondoka na imani. Kioo alichoweka ni cha plastiki, kimetuna kuliko cha zamani, na hakuniambia mpaka nilipokiona. Kile cha zamani, hata kama kilipasuka, nilikitaka; nilipouliza alikuwa ameshakitupa. Mpe saa yako ukisema wazi kwamba kila kinachotoka unakitaka.

Mwendo wake sasa: ikilala kifudifudi mezani inachelewa kama sekunde 40 kwa siku, ikisimama mfukoni karibu dakika mbili. Alinieleza kwamba hizi saa hubadilika kwa mkao, kwa hiyo usiku naitundika kwenye msumari kama inavyokaa mchana. Na kwa sababu ya unyevu wa ziwa, zile ninazopumzisha naziweka kwenye kopo la biskuti pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu. Mchele hapana, una vumbi.

Siku ya kuichukua aliishika akiwa bado hajaweka majira, akauliza, "Nikuwekee ya redio au ya mzee wako?" Nilikuwa nimemsimulia kwamba babu alikuwa akiiweka kwa saa zetu, jua likichomoza mshale uko kwenye kumi na mbili. Nikamwambia ya mzee. Wateja wangu wakichungulia wanachanganyikiwa, lakini kila nikiikaza namwona babu na kikombe chake.

Saa yangu nyingine, ya kukaza kwa ufunguo, bado iko kwake. Ilianguka, ekseli ya balansi imevunjika ncha, na anatafuta saa ya kuchinja ili apate spea. Hii ni wiki ya nane. Jumamosi nitapita.