Linux kwenye flashi: ununue kipi Kampala?

Anayetaka kuwasha mfumo endeshi wa Linux kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski ya laptopu, huuliza kwanza: GB ngapi? Ukubwa si tatizo. GB 32 zinatosha kuanzia. Kinachokwamisha ni kasi ya kuandika vipande vidogo vidogo, kwa sababu mfumo endeshi hauandiki faili moja kubwa kama filamu. Unaandika rekodi za shughuli zake, kashe (faili za muda) ya kivinjari na masasisho, kidogo kidogo, muda wote. Flashi dhaifu ikipewa kazi hiyo, mshale unatembea lakini ukibofya Firefox hakuna kinachofunguka, na taa ya flashi inapepesa bila kutulia. Kasi inayotangazwa kwenye pakiti ni ya faili kubwa. Mpangilio ufuatao, kuanzia bora hadi dhaifu, unafuata kasi ya hivyo vipande vidogo.

Nafasi ya kwanza naipa SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sehemu zinazozunguka, iliyotiwa kwenye kasha la USB 3.0, na sioni mpinzani wake. Chukua ya SATA (aina ya muunganisho wa diski) ya inchi 2.5, GB 120 au 128, hata iliyotumika. Kidhibiti chake husambaza uandishi kwenye chipu zote ili sehemu moja isichakae mapema, kazi ambayo flashi nyingi huifanya vibaya. Mafundi wanaouza vipuri vya laptopu katikati ya jiji huwa nazo. Kabla ya kulipa, omba iunganishwe kwenye kompyuta usome taarifa za SMART, yaani rekodi ya afya ya diski, kwa programu ya smartctl ukiwa Linux au CrystalDiskInfo ukiwa Windows. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili. Ukipenda zile nyembamba za M.2, angalia kwanza kama ni SATA au NVMe, muunganisho wa aina nyingine, maana kasha la moja si lazima likubali nyingine.

Ya pili ni flashi ambayo ndani yake ni SSD hasa, kama SanDisk Extreme Pro ya USB. Inaingia mfukoni, inafaa kwa mwanafunzi anayehama kompyuta hadi kompyuta. Bei yake ni ya juu, na ndiyo maana inaigizwa sana.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kwa mnunuzi wa hapa. Flashi feki huwa na chipu ya GB 8 au 16, lakini kidhibiti chake kimepangwa upya kiiambie kompyuta ni GB 512 au TB 2. Itafunguka vizuri, utanakili faili, majina yote utayaona. Ukivuka ukubwa wake halisi, data mpya inapotea au inafuta ya zamani, na Linux yako inakataa kuwaka asubuhi moja bila onyo. Flashi ya TB 2 inayouzwa kando ya barabara kwa bei ya chakula cha mchana, iache. Nyingine yoyote, dai risiti na ruhusa ya kuirudisha, kisha, ukiwa Linux, ijaze yote kwa programu ya f3write na uisome kwa f3read. Kwenye Windows tumia H2testw. Kazi hii ni ya saa kadhaa, lakini ifanye kabla ya kusakinisha chochote.

Flashi ya kawaida ya USB 3.0 ya kampuni inayojulikana ni ya tatu. Itakufaa ukiichomeka kwenye tundu la USB 3, ambalo mara nyingi ni la buluu, na ukiongeza neno noatime kwenye fstab, faili inayoiambia Linux jinsi ya kuunganisha diski, ili kila faili inayosomwa isisababishe uandishi mwingine. Kazi zako muhimu zinakili kwingine kila jioni, hasa kama betri ya laptopu imekufa na umeme hukatika mtaani kwenu.

Memori kadi naiweka ya nne. Tafuta alama ya A1: inaahidi kuandika walau vipande vidogo 500 kwa sekunde. A2 inaahidi 2000, ila inahitaji kisomaji kinachoiunga mkono, na vingi haviiungi.

Flashi ya USB 2.0, zile zinazogawiwa kwenye warsha, ni ya mwisho kwa matoleo ya kawaida ya Linux kama Ubuntu au Mint. Ila kama unayo tayari, usinunue nyingine kabla ya kujaribu Puppy Linux, toleo jepesi. Puppy hujipakia yote kwenye RAM ikiwaka, kisha flashi inapumzika mpaka utakapohifadhi. Laptopu kuukuu yenye RAM ya GB 2 inaiendesha bila shida.