Kupimwa presha ya rejeta kabla ya kufungua injini: uzoefu wangu Nakuru

Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya mwaka 1997, yenye injini ya dizeli ya 2.8 ambayo mafundi huiita 3L, na kazi yake ni kuteremsha viazi kutoka Molo hadi Nakuru mara mbili au tatu kwa juma. Kwa muda wa miezi miwili ilikuwa ikinywa maji. Kila baada ya safari nililazimika kuongeza karibu lita moja kwenye rejeta, na bado sikuona hata tone moja ardhini pale gari lilipolala. Ninachokieleza hapa ni huduma niliyoilipia mwishowe, yaani kupimwa kwa mfumo mzima wa kupoza injini kwa pampu ya presha, na sitaitaja gereji kwa jina kwa kuwa huduma hii hutolewa na gereji zaidi ya moja mjini.

Kabla ya hapo tulibahatisha mara mbili. Mara ya kwanza nilibahatisha mwenyewe: nilinunua dawa ya unga ya kuziba rejeta kwa shilingi 450, nikaimimina kama ilivyoelekezwa kwenye kopo. Juma la kwanza maji yalipungua kidogo tu, nikajiona fundi. Juma la pili uvujaji ulirudi, na juu yake mshale wa joto ukaanza kupanda nikipandisha mlima wa Elburgon, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu ninunue gari hilo. Mara ya pili alibahatisha fundi wa karibu na nyumbani, ambaye alitazama moshi mweupe wa asubuhi akaamua kuwa gasketi ya hedi, yaani kizibo kilicho kati ya kichwa cha injini na bloku, imeungua, na akanipa hesabu ya shilingi 38,000 ya kunyanyua hedi, kuisawazisha na kuirudisha. Mimi ninaishi Njoro. Saa kumi na mbili asubuhi, katika baridi yetu, injini ya dizeli ya umri ule hutoa moshi mweupe hata ikiwa nzima, kwa hiyo ushahidi wake haukunitosha.

Gereji niliyokwenda baadaye iko katika eneo la viwanda la Nakuru. Walinitaka nilifikishe gari jioni, lilale pale, ili lipimwe asubuhi likiwa baridi kabisa. Sababu yake niliielewa baadaye: rejeta yenye joto haifunguliwi bila hatari ya kuungua, na isitoshe kuna mivujo ambayo hujionyesha injini ikiwa baridi tu, wakati chuma na mpira vimesinyaa, kisha hujiziba vyenyewe injini ikipata moto. Nilipomwambia fundi kwamba mwenzake ameshauri hedi ifunguliwe, alinijibu kwa upole, "Mwalimu, tulipime kwanza. Hedi haikimbii."

Kipimo chenyewe ni rahisi kukielewa. Rejeta hujazwa maji hadi mdomoni, kisha mahali pa kifuniko hufungwa pampu ndogo ya mkono yenye saa ya presha. Fundi alipampu hadi paundi 13 kwa inchi ya mraba, ambayo ni karibu sawa na ile 0.9 ya kipimo cha kimetriki iliyoandikwa juu ya kifuniko changu, kisha akaiacha. Mfumo mzima ukiwa salama, mshale hukaa pale pale. Wangu ulishuka hadi 9 kwa muda usiozidi dakika 10. Hapo ndipo alipochukua tochi na kioo kidogo chenye mpini, akaanza kutafuta, na mimi nikaruhusiwa kuinama pembeni yake, jambo ambalo gereji nyingi hazimkubalii mteja.

Tone lilikuwa likitoka kwenye pampu ya maji. Chini ya pampu hiyo kuna tundu dogo lililoachwa makusudi na waundaji, ili sili ya ndani ikichakaa maji yatokee hapo nje badala ya kuingia kwenye beringi, na ukiona tundu hilo limelowa ujue pampu imekwisha. Fundi alishika feni akaitikisa, nayo ikacheza mkononi mwake, maana katika injini hii feni imefungwa kwenye shafti ya pampu yenyewe. Fumbo la kutoona maji ardhini likafumbuka papo hapo: gari likitembea, matone yalipeperushwa nyuma na feni yakakaukia kwenye ubavu wa injini, na machache yaliyodondoka yaliishia kwenye bamba la chuma linalokinga injini kwa chini. Ubavuni mle kulikuwa na ukoko wa kijani na mweupe ambao mimi nilikuwa nimeuona kwa miezi miwili nikidhani ni vumbi la barabarani.

Hawakuishia hapo. Kifuniko cha rejeta nacho kilipimwa peke yake kwa pampu ile ile, kikaachia presha kabla ya kufika paundi 9. Kwa mtu wa Mombasa hili lingekuwa kosa dogo, lakini kwangu lilikuwa zito. Molo iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,500, na huko maji yasiyo na presha huchemka yakifika karibu digrii 92, ilhali themostati, yaani vali inayoruhusu maji ya injini kupita kwenda kwenye rejeta, katika injini kama hii huanza tu kufunguka karibu digrii 82. Ukipoteza presha, nafasi iliyobaki kati ya injini kufanya kazi yake ya kawaida na maji kuchemka ni ndogo mno. Kifuniko kizima husukuma kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya digrii 110. Kipya kilinigharimu shilingi 600, na ninashangaa kwamba katika miaka yote ya kumiliki magari sijapata kuona fundi akikipima.

Kuhusu hedi, walitumia chombo cha kioo chenye maji ya buluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikinguruma, kikivuta hewa iliyo juu ya maji. Moshi wa injini ukiwa unapenya kwenye maji kupitia gasketi, buluu hiyo hugeuka kijani au manjano. Yangu ilibaki buluu. Kwa kipimo chote, pamoja na hiki cha hedi, nililipa shilingi 1,500, nikaokoa zile 38,000.

Matengenezo yalikwenda hivi. Pampu mpya isiyo ya kampuni iliyounda gari ilikuwa shilingi 4,800, mpira wa chini wa rejeta 900, themostati 1,200, na ufundi 3,500. Rejeta ilipelekwa kwa fundi wa rejeta, kwa kuwa ile dawa yangu ya unga ilikuwa imeziba baadhi ya mirija yake; kwa bahati ni ya shaba ya zamani, ambayo inaweza kufunguliwa, kuzibuliwa kwa ubapa wa chuma na kulehemiwa tena, tofauti na hizi za siku hizi zenye matangi ya plastiki. Kazi hiyo ilinitoka shilingi 3,000, na kwa haki ni lazima niihesabu kuwa gharama ya lile kopo la shilingi 450. Mwishowe mfumo ulijazwa kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yanayouzwa kwa ajili ya betri. Mimi nilikuwa nikiongezea maji ya kisima, ambayo hayana kinga yoyote dhidi ya kutu, na kutu ile ndiyo inayoila sili ya pampu taratibu. Wakati wa kujaza waliegesha gari pua ikiwa juu, wakafungulia hita ya ndani hadi mwisho, wakaiacha injini ikinguruma mpaka mpira wa juu ukapata moto, ili hewa yote itoke.

Sasa malalamiko. Niliahidiwa siku moja, zikawa mbili na nusu, na nauli ya matatu kwenda na kurudi Njoro haikurudishwa na mtu. Kijana mmoja alikwangua gasketi kuukuu kwa bisibisi, akaacha mikwaruzo ambayo mkubwa wake alilazimika kuisafisha upya. Vilevile nilikuta kulanti kuukuu ikielekezwa mtaroni, nami nikadai beseni, kwa sababu kitu kile kina ladha tamu na ni sumu kwa mbwa na mifugo, na mtaro ule hunywewa na mbuzi. Siku ya nne baada ya kulichukua gari, klipu ya mpira wa chini ilianza kutoa unyevu. Nilirudi, wakaikaza na kulipima tena bila malipo, mshale ukakaa kwenye 13 kwa robo saa nzima huku tukinywa chai.

Hiyo ilikuwa majuma 11 yaliyopita. Nimechora mstari kwa rangi ya kucha ya binti yangu kwenye chupa ya akiba, nami huutazama kila asubuhi kabla sijawasha injini. Tangu siku ile ya klipu sijaongeza hata kikombe kimoja, na Elburgon ninaipandisha na magunia kumi ya viazi mshale ukiwa chini ya nusu.