Palouse Mindfulness: kozi ya bure ya kutafakari, wiki 8

Kama unataka kujifunza kutafakari kwa mbinu za Kibuddha bila kubadili dini yako wala kulipia programu ya simu, anza hapa. Palouse Mindfulness ni kozi ya mtandaoni isiyolipiwa, na unaifuata kwa muda wako. Inafuata mtaala wa MBSR (programu ya kupunguza msongo wa mawazo kwa uzingativu) ulioanzishwa na Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, hasa kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Hakuna sala, hakuna sanamu.

Kila wiki kuna video, makala za kusoma, na zoezi la takriban nusu saa kwa siku. Masomo ni ya Kiingereza. Video zinakula bando, kwa hiyo zitazame penye Wi-Fi.

Uti wa mgongo wa kozi ni zoezi la wiki ya kwanza: kukagua mwili. Unalala chali, unapeleka akili kwenye vidole vya mguu wa kushoto, kisha unyayo, kisigino, muundi, goti, ukipanda polepole mpaka utosini. Sehemu isiyo na hisia yoyote usiilazimishe. Tambua kwamba hapo huhisi kitu, kisha endelea. Mbinu hii ina mizizi katika mapokeo ya vipassana (tafakari ya Kibuddha ya kuona mambo kama yalivyo) ya U Ba Khin, mwalimu wa kutafakari wa Burma, na ndiyo inayokufundisha kuhisi mwili badala ya kuuwazia. Wengi huiruka wakitaka kufika haraka kwenye kukaa na kufuata pumzi, na hapo ndipo kozi inapowaharibikia: wiki ya 5, inayohusu hisia ngumu, inawadai ujuzi ambao hawajaujenga.

Kinachowashinda wengi ni usingizi. Usifanye zoezi kitandani wala baada ya kushiba. Kunja magoti, acha macho wazi kidogo, au egemeza kiwiko sakafuni na mkono ukiwa umesimama wima. Ukisinzia, mkono huo utaanguka na kukuamsha.

Upungufu wake mkubwa, kwa maoni yangu, uko kwenye falsafa. Mafundisho ya Buddha kuhusu uzingativu yana misingi minne: mwili, ladha ya kila hisia (tamu, chungu au ya kati), hali ya akili, na mafundisho yenyewe. Huo wa pili haupewi nafasi unayostahili, ilhali ndipo tamaa na hasira zinapozaliwa. Jazia mwenyewe. Ujumbe wa bosi ukiingia, kifua kinabana kabla hujaumaliza kusoma: hiyo ni "chungu". Itaje kimoyomoyo, vuta pumzi 3, ndipo ujibu. Jioni andika matukio 3 ya siku, na kando ya kila moja neno moja tu: tamu, chungu, kati. Baada ya wiki utaona wazi ni wapi unakimbilia na wapi unakwepa.

Hakuna mwalimu wa kukusikiliza papo hapo. Aliyepitia ukatili au msiba mzito, kulala kimya na kuukagua mwili kunaweza kumwamshia kumbukumbu kali. Huyo afumbue macho, akanyage sakafu kwa nguvu, ataje vitu anavyoviona chumbani, na zoezi aliache hadi apate mshauri wa afya ya akili wa kumsindikiza.