Ukumbi wa raga Kirumba: daftari la ubashiri ni zuri, lakini linafungwa mapema mno

Hapa Mwanza, anayetaka kutazama raga ya klabu za Ulaya hana sehemu nyingi za kuchagua. Vibanda vingi vina skrini moja, na Jumamosi jioni skrini hiyo ni ya Arsenal, Liverpool au Man U, basi. Ukumbi huu wa ghorofani upande wa Kirumba, mwendo mfupi kutoka uwanja wa CCM, umetenga chumba cha pili kwa raga ya Kombe la Mabingwa la Ulaya, kuanzia mechi za makundi mwezi Desemba hadi fainali ya Mei. Kwenye kaunta ya chumba hicho kuna daftari kubwa ambamo kila mteja anaandika ubashiri wake. Chumba kinastahili nyota tatu na nusu. Daftari lingepata tano kama si kanuni moja, na hiyo nitaifikia.

Kiingilio ni shilingi 2,000 kwa mechi moja, 3,000 kwa jioni nzima. Kuna televisheni ya inchi 55 iliyofungwa juu kiasi cha kuonekana hata ukiwa nyuma, na viti vya plastiki visivyopungua thelathini. Usikae mstari wa kushoto. Dirisha la upande huo linatazama ziwa, na jua la jioni linapiga maji kisha linarudi moja kwa moja kwenye kioo cha televisheni. Kwa mechi za saa 10 na za saa 12 jioni, aliyeko kushoto anaona mng'ao mtupu, mpira hauonekani. Pazia lipo lakini ni jepesi; la kitambaa kizito lingemaliza tatizo.

Sauti ni jambo kubwa zaidi kuliko mwanga. Raga si kama soka, ambako unaweza kuzima sauti na bado ukaelewa. Mwamuzi wa raga huvaa maikrofoni na maneno yake husikika kwenye matangazo: anaeleza kwa nini skramu (mafowadi, wale wazito wa mbele, wakisukumana) imeanguka, nani ameingia rak (kugombea mpira ulio chini) kutoka pembeni, na anazungumza waziwazi na mwamuzi wa video kabla ya kukubali trai, yaani mpira kuwekwa chini nyuma ya mstari wa goli wa mpinzani. Usiposikia hayo, unabaki kubahatisha kwa nini penalti imetolewa. Chumba hiki kimetenganishwa na cha soka kwa ukuta wa plaiwudi tu, kwa hiyo bao la upande wa pili linafunika kila kitu. Kaa viti vitatu vya mbele upande wa kulia, chini ya spika. Au njoo mechi ya Ijumaa usiku, soka linapokuwa limetulia na chumba kinapata ukimya wake.

Mvua ni suala jingine. Raundi za makundi zinaangukia Desemba na Januari, na za mtoano Aprili, yaani mara mbili tunakutana na mawingu mazito ya ziwa. Mawimbi ya setilaiti yanayotumiwa na ving'amuzi vya nyumbani hudhoofishwa na matone makubwa ya mvua, hivyo picha inaganda hata kama dishi limelengwa sawasawa. Dishi lao ni la sentimita 90, na kwa kuwa huku karibu na ikweta linalala karibu chali, maji na vumbi hukaa juu yake. Wahudumu wanapanda kulifuta baada ya mvua, jambo jema. Wangetoboa tundu dogo la kutolea maji sehemu ya chini na kukaza upya kiunganishi cha waya kwenye kichwa cha dishi kwa utepe wa kuzuia maji, kazi ingepungua sana. Maji yakishaingia kwenye kiunganishi, picha itakatikakatika hata siku ya jua.

Umeme ukikatika, jenereta linawaka ndani ya dakika moja. Shida ni king'amuzi, kinachohitaji dakika tatu au nne kujiwasha upya na kutafuta mawimbi. Kwenye raga dakika nne ni trai mbili. Betri ndogo ya akiba ya kukishikilia king'amuzi peke yake kwa dakika hiyo moja ingetosha, maana televisheni inawaka mara moja.

Ubao wa saa pale mlangoni unahitaji kusahihishwa kila mwaka mwishoni mwa Machi, na hausahihishwi. Desemba na Januari, Uingereza iko nyuma yetu kwa saa tatu, na mechi zinazoanza huko 15:15, 17:30 na 20:00 zinatufikia saa 12:15 jioni, 2:30 usiku na 5:00 usiku. Jumapili ya mwisho ya Machi wenzetu wanasogeza saa zao mbele, tofauti inabaki saa mbili. Mechi ileile ya 15:15 sasa inaanza saa 11:15 jioni kwetu. Anayefuata ubao wa Desemba anaingia mechi ya mtoano ya Aprili wakati kipindi cha pili kinaanza. Ufaransa nayo iko saa moja mbele ya Uingereza, kwa hiyo ratiba iliyochukuliwa kwenye kurasa za klabu za Kifaransa isichanganywe na ya Waingereza. Mechi ya saa 5 usiku inamalizika karibu saa 7. Daladala hazipo tena, panga bodaboda kabla. Wanaotoka Sengerema wamepata nafuu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kwani hawategemei tena kivuko.

Chakula: sato wa kukaanga na ugali au ndizi, 13,000, anakuja mzima na kachumbari yenye pilipili ya kutosha. Ni mzuri. Anachukua dakika 35 hadi 40, kwa hiyo agiza mechi inapoanza ili akufikie mapumziko. Ukiagiza wakati wa mapumziko utamla huku mikono ina mafuta na mchezo uko dakika ya 65, wakati mbaya kuliko wote wa kuinamia sahani. Mishkaki ipite tu.

Sasa daftari. Hakuna hela inayowekwa. Anayeongoza raundi anapewa sato wa bure, na anayeongoza hadi fainali anapata kiingilio cha bure msimu unaofuata. Kanuni zimeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye jalada: kumpata mshindi ni alama 3, tofauti ya pointi uliyoandika ikiwa ndani ya 5 ya tofauti halisi, unaongezwa 2, bonasi (alama za ziada za timu kwenye msimamo) za timu zote mbili zikiwa sahihi, 1. Ni mpango mzuri kwa sababu unamlazimisha mtu kuwaza mechi itakavyochezwa, siyo kutaja jina kubwa na kwenda zake.

Hesabu ya tofauti ina ujanja wake. Trai na mkwaju wake wa nyongeza ni 7, penalti ni 3. Ukiamini mechi itakuwa ngumu, usiandike 2. Ukiandika 2, umefunika kuanzia 1 hadi 7 tu. Nusu ya wavu umeitupa nchi kavu. Ukiandika 6, umefunika 1 hadi 11. Kwa mechi unayoona timu moja ni bora waziwazi, 16 au 17 ni salama kuliko 30, kwani kocha anayeongoza kwa 25 huanza kuwapumzisha watu wake muhimu na mechi inalegea.

Safu za bonasi ndizo zinazowaangusha wengi, hasa mashabiki wa Toulouse na Bordeaux wanaofuatilia ligi ya nyumbani ya Ufaransa. Kwenye ligi hiyo, Top 14, bonasi ya ushambuliaji inatolewa kwa kufunga trai tatu zaidi ya mpinzani, na ya kushindwa kwa karibu ni tofauti isiyozidi 5. Kombe la Mabingwa la Ulaya lina sheria nyingine: trai nne au zaidi, hata kama mpinzani naye kafunga nne, na kushindwa kwa tofauti isiyozidi 7. Anayeshindwa anaweza kuondoka na alama mbili. Hatua ya mtoano haina bonasi kabisa, lakini kurasa za Aprili kwenye daftari bado zina safu hizo na watu wanazijaza bure. Zikatwe kwa rula.

Pia jalada halisemi tofauti inahesabiwa wapi mechi ikienda muda wa nyongeza. Si jambo la kufikirika: fainali ya 2024 jijini London, Toulouse na Leinster ya Ireland walikuwa sare dakika 80 zilipokwisha, kisha Toulouse akashinda 31-22. Aliyeandika Toulouse kwa 6 apate ngapi? Kwa maoni yangu, matokeo ya mwisho yatumike, kwa sababu ndiyo yanayoingia kwenye kumbukumbu. Lakini liandikwe.

Na sasa ile kanuni. Daftari linafungwa Alhamisi saa 12 jioni. Orodha za vikosi vya mechi za Jumamosi kwa kawaida hutoka Ijumaa. Maana yake watu wanabashiri majina ya klabu bila kujua nani anacheza, na katika mashindano haya kikosi ni zaidi ya nusu ya jibu. Angalia muundo wenyewe: klabu 24, makundi manne ya timu sita, kila klabu inacheza mechi nne, na wanne wa juu katika kila kundi wanasonga. Kumi na sita kati ya ishirini na nne! Kocha wa Kifaransa ambaye tayari ameshinda mara mbili, na ambaye ligi yake ina mechi 26 kabla ya mtoano, ana kila sababu ya kuwaacha nyota nyumbani safari ya tatu au ya nne. Klabu za Afrika Kusini, zilizoingia msimu wa 2022/23, zina mzigo mwingine: safari ndefu ya usiku kutoka kiangazi cha Durban kwenda baridi ya Ulaya, mara nyingine bila wachezaji wao wa timu ya taifa. Ukiona orodha unajua. Usipoiona unarusha jiwe gizani.

Benchi nalo linasema mengi. Wachezaji wa akiba ni wanane, kwa kawaida mafowadi watano na mabeki watatu. Ukiona sita kwa wawili, kocha anatangaza kuwa dakika 20 za mwisho atazichezea kwa uzito wa skramu na moli (kundi linalomsukuma mbele aliyeshika mpira). Timu nzito haifi mapema. Fainali ya 2023 jijini Dublin, Leinster waliongoza 17-0 robo ya kwanza haijaisha, na La Rochelle ya Ufaransa wakawabana taratibu kwa miili mikubwa ya Will Skelton na Uini Atonio hadi wakashinda 27-26. Mwaka mmoja kabla, Marseille, walikuwa wamewafunga Leinster haohao 24-21 kwa trai ya dakika za mwisho kabisa.

Leinster ndiyo klabu inayowaponza wabashiri wa Mwanza kuliko nyingine. Aprili 2025 waliwafunga Harlequins 62-0, wiki iliyofuata Glasgow 52-0. Kwa nusu fainali dhidi ya Northampton ya Uingereza, kuandika Leinster kwa 20 lilikuwa jambo rahisi. Northampton wakashinda 37-34 palepale Dublin, Tommy Freeman akifunga trai tatu. Alama za mechi mbili zilizopita hazielezi chochote kama wapinzani wale hawakuwa na mbio za pembeni, na Northampton walikuwa nazo.

Kosa lingine la kila msimu ni mwinuko. Watu wanampa kila mwenyeji wa Afrika Kusini nyongeza ya alama kumi kwa sababu ya hewa nyepesi. Mwinuko ni wa Pretoria na Johannesburg, ambako mpira unaruka mbali na mgeni anahema dakika ya 60. Cape Town na Durban ziko pwani. Stormers (Cape Town) na Sharks (Durban) wakiwa nyumbani, wape faida ya joto na safari ya mgeni, siyo ya hewa. (Sisi wenyewe tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, tusishangae sana.)

Kwa kurasa zijazo za makundi, ningeandika hivi: Bordeaux-Bègles kwao, tofauti 17 na bonasi ya trai, kwa sababu timu iliyotwaa kombe 2025 kwa 28-20 dhidi ya Northampton, na iliyokuwa na Damian Penaud aliyefunga trai 14 msimu huo, haihitaji kumiliki mpira muda mrefu. Toulouse ugenini Uingereza, Toulouse kwa 6, ila orodha ikitoka bila nyota wao Antoine Dupont nageuza: aliumia goti Machi 2025 na Mei wakafungwa 35-18 na Bordeaux kwenye nusu fainali. Klabu ya Afrika Kusini ugenini Desemba naiacha wazi hadi kikosi kitangazwe.

Lakini huwezi kuacha wazi, kwa sababu ya Alhamisi. Sababu wanayotoa kaunta ni kwamba Jumamosi kuna msongamano na watu wanaandika baada ya mechi kuanza. Dawa ni nyepesi: kila mechi iwe na ukurasa wake, na mwamuzi anapopuliza filimbi mhudumu apige mstari mwekundu chini ya jina la mwisho. Kalamu nyekundu wanayo tayari.