Uzoefu wangu na std::construct_at

Kazi yangu ni kuandika programu za vifaa vidogo vinavyotumia chipu za Cortex-M0, ambako hatuombi kumbukumbu mpya programu ikishaanza kwenda, bali tunatenga bafa moja (eneo la kumbukumbu) mapema na kujenga objekti ndani yake, kila moja katika anwani tunayoichagua wenyewe. Kwa muda mrefu nilitumia ile new inayopewa anwani kwenye mabano. Tulipohamia C++20, toleo la 2020 la lugha ya C++, nilianza kutumia std::construct_at, kitendakazi kinachojenga objekti katika anwani unayoipa, na kwa jumla nimeridhika nayo.

Kwanza, inadai pointa ya aina ileile inayojengwa, wakati new hupokea anwani yoyote bila kuuliza. Pili, klasi yetu ya Ujumbe ina operator new (kitendakazi cha kutenga kumbukumbu) yake yenyewe, hivyo new (p) Ujumbe haikompailiki mpaka uanze na ::new, yaani new ya jumla badala ya ile ya klasi. Construct_at inamaliza hilo kimyakimya.

Lakini kilichonivuta hasa ni kwamba inaruhusiwa kufanya kazi wakati wa kukompaili, jambo ambalo new ya anwani haikuruhusiwa katika C++20. Ilinibidi niache bafa ya baiti, kwa kuwa reinterpret_cast (kugeuza kwa nguvu pointa ya aina moja iwe ya nyingine) hairuhusiwi huko, na badala yake kila nafasi ya foleni yetu ya ujumbe ikawa union (aina inayotenga mahali bila kujenga objekti ndani yake) yenye mwanachama mmoja:

union Nafasi { Ujumbe u; constexpr Nafasi() {} constexpr ~Nafasi() {} };

Baada ya hapo std::construct_at(&n.u, 7) hufanya kazi ndani ya static_assert (ukaguzi unaofanywa wakati wa kukompaili), na nikijaribu kusoma ujumbe uliokwisha kubomolewa, kompaila hukataa papo hapo. Faida nyingine ni kwamba union hukaa kwenye anwani inayofaa yenyewe. Anayebaki na bafa ya baiti asisahau alignas (agizo la kuiweka bafa kwenye anwani inayofaa), maana construct_at haikagui anwani: kwenye Cortex-M0, kusoma namba ya baiti 4 katika anwani isiyogawanyika kwa 4 huiangusha programu kwenye HardFault (hitilafu kubwa ya chipu), ilhali kompyuta ya mezani ya x86 kwa kawaida huivumilia na majaribio yote yakapita.

Kubomoa nako ni juu yako, kwa std::destroy_at iliyokuja na C++17. Ukijenga objekti nyingine juu ya ile ya zamani bila kuibomoa, AddressSanitizer, zana ya kukamata makosa ya kumbukumbu, haisemi neno, kwa sababu kumbukumbu yenyewe ilitengwa kihalali.

Lalamiko langu kubwa linahusu fremu za redio. Fremu ni struct isiyo na konstrakta, yenye safu ya baiti 1024 ambayo redio itaijaza mara moja. Ukiita std::construct_at(p) bila hoja nyingine, baiti zote hujazwa sifuri kwanza, kazi ya bure ambayo kwenye chipu ya kasi ndogo hii inaonekana wazi katika vipimo vya muda. Hakuna namna ya kuiambia iache. Ipo std::uninitialized_default_construct_n, isiyojaza sifuri, yenye jina refu kuliko kazi yake, lakini mimi naona ::new (p) Fremu, bila mabano mwishoni, inasomeka vizuri zaidi, kwa hiyo fremu nimeziacha huko. C++26 inairuhusu new hiyo wakati wa kukompaili pia, na kompaila yetu ikifika hapo nitazijaribu fremu kwa static_assert kama ninavyofanya kwa foleni.